Nimealikwa na baba mkwe uwanjani kwa Mkapa Jumapili, mechi ya Simba na Yanga, tutakaa jukwaa la Yanga. Mimi ni Simba damu. Nifanyeje?

Mnyama wa Keko
Jumatano, 1 Novemba 2023, saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za usiku.

Nina jambo, na wa kucheka wacheke kwanza wamalize. Mimi ni Simba. Si Simba wa kununua jezi timu ikifika robo fainali, ni Simba wa kurithi. Marehemu babu aliishabikia tangu ikiitwa Sunderland. Mwezi wa saba nimeoa. Mke wangu mpira haumhusu, namshukuru Mungu. Baba yake sasa! Yanga wa Jangwani kabisa, mzee wa miaka 64, chai anakunywa kwenye kikombe cha kijani na njano.

Jana kanipigia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha: "Mwanangu, Jumapili nimekukatia tiketi. Tunakwenda wote. Tutakaa kwetu." Nikasema nashukuru sana baba. Simu ilipokatika ndipo nikaketi kitandani kuitafakari hiyo "kwetu".

Kukataa siwezi, ndiyo mara ya kwanza mzee ananiita kwenye jambo letu wawili. Jezi nyekundu siwezi kuvaa. Ya kijani, bora mnizike. Na kuna hili linaloninyima usingizi: mtani unamtania, mkwe unamheshimu. Sasa mtu mmoja akiwa mkwe na hapohapo ni mtani, filimbi ikipulizwa nafuata kanuni ipi?

Waliowahi kukaa upande wa watani naomba ushauri. Nivae nini, niseme nini, tukifunga nifanyeje, tukifungwa (haitatokea) nifanyeje.

Nyuma Mwiko

"Haitatokea." Hiyo nimeipiga picha na nimeihifadhi.

Mtoto wa Tandika

Andika wosia mkuu. Pikipiki niachie mimi.

Kondakta Mstaafu

Kijana, waache hao. Nimeanza kuingia mechi hizi tangu zikichezwa Shamba la Bibi, uwanja wa Uhuru, kabla huu wa watu elfu 60 haujafunguliwa 2007. Nimekaa kwa watani mara nne, mara mbili kwa kupenda na mara mbili kwa kukosea mlango.

Mavazi kwanza. Vaa kijivu au bluu iliyoiva. Jikague mpaka kofia, mpaka kamba za viatu. Jamaa yangu mmoja alijipanga vizuri, shati la bluu, suruali nyeusi, kakaa katikati ya Yanga ametulia kama mwalimu anayesimamia mtihani. Dakika ya ishirini akatoa simu apige picha. Kava jekundu, mgongoni kuna kichwa cha simba. Hakupigwa. Alivishwa skafu ya njano, kila aliyepita akapiga naye picha, mpaka leo zile picha zinazunguka kwenye magrupu kila dabi ikikaribia.

Pili, usijifanye Yanga. Watu wananusa. Ukiwa unapiga makofi nusu sekunde nyuma ya wenzako kila mara, jirani yako atajua. Wakisimama, simama, maana ukikaa hutaona kitu. Wakiimba, tulia. Ukiulizwa, sema wewe ni mgeni wa mzee fulani. Mgeni ana heshima yake hata kwa mtani.

Tatu, ndilo gumu. Bao la timu yako likiingia, mwili unaitangulia akili. Miguu inaruka kabla hujaiuliza. Dawa yake ni kushika kitu mikononi. Nunua karanga, mfuko mkubwa, ushike kwa mikono miwili. Usicheke, ninasema kwa uzoefu.

Nne, usitambe kabla ya dakika 90. Oktoba 2013 Yanga walikwenda mapumziko wanaongoza 3-0. Nilikuwa upande wetu, sisi Simba, na jamaa watatu wa Yanga walivuka wakaja mpaka kwenye uzio kutuimbia nyimbo za msiba. Mechi ikaisha 3-3. Wale watatu kurudi kwao walipita njia ndefu.

Msimbazi Asilia

Mimi sikubaliani na uzi mzima. Simba wa kweli hakai kule. Mwambie mzee una safari. Tumewatoa kwa penalti Tanga mwezi wa nane kwenye Ngao ya Jamii, kipa wetu Ally Salim kadaka mpaka wakachanganyikiwa, halafu wewe ukakae nao ule karanga?

Kondakta Mstaafu

Wewe umeoa?

Msimbazi Asilia

Bado.

Kondakta Mstaafu

Basi subiri.

BintiJangwani

Mimi ni Yanga, nilishakaa kwa Simba na shoga yangu mwaka jana. Nitaongea upande ambao nyie wanaume hamuuoni.

Kutaniwa kulikuwa kutamu. Kuna baba mmoja aliniita "chura", jina la kututania Yanga, dakika tisini zote, na kila akiniita ananipitishia maji, "kunywa chura, usikauke." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kilichoniharibia siku ni vijana wawili wa nyuma. Wao hawakuitukana Yanga, walinitukana mimi, kuhusu mwili wangu, halafu mama yangu akaingizwa, halafu mmoja akajifanya kanisukuma kwa bahati mbaya. Tofauti ya yule baba na hawa watoto haihitaji shule kuiona.

Utopolo, Kolo, vyura, mbumbumbu, hayo ni majina ya timu, mwite mtu hata humjui. Sura yake, mama yake, kabila lake, ulemavu wake, aliyemzika juzi, hapo umeshatoka kwenye mpira. Na mtoto mdogo mwenye jezi usimguse kabisa. Mwache afurahi, utani atafundishwa na dunia.

Mleta uzi, kwako wewe hofu si mzee. Hofu ni wasiomjua mzee.

Mtoto wa Tandika

Mimi swali langu ni kwa nini tunatenganishwa. Kibanda umiza, banda la kutazamia mpira, hapa Tandika tunakaa benchi moja, Simba na Yanga, magoti yanagusana, feni moja, na sijawahi kuona mtu katolewa jino. Uwanjani mpaka tuwekewe askari katikati.

BintiJangwani

Kwa sababu kibanda umiza kuna kesho. Ukimtukana mama wa mtu leo, kesho unamkuta kwenye steji ya boda, au dukani kwa Mangi, au ndiye anayekutengenezea redio. Utani unalindwa na kujuana. Kwa Mkapa uko na watu elfu 60 ambao hutawaona tena. Mtu ambaye kwao hasemi neno, pale anageuka simba na chura kwa pamoja.

Kondakta Mstaafu

Binti umesema. Niongeze: hata utani wa makabila ulikuwa hivyo. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana hata msibani, mtani analala kwenye kaburi lililochimbwa anadai alipwe ndipo atoke. Lakini anajulikana ni nani, ukoo wake unajulikana, na akivuka mpaka kuna wazee wa kumwita. Ule wa mpira tumechukua jina la utani, wazee tumewaacha nyumbani.

Fundi Viti

Mnaongea maneno matamu, mimi niongee usalama.

Oktoba mosi 2016 nilikuwepo. Tambwe wa Yanga kaunawa kabla ya kufunga, mwamuzi kakubali bao, Mkude wa Simba kalalamika kapewa nyekundu. Viti vikaanza kuruka. Baada ya pale serikali ikazifungia timu zote mbili kuutumia uwanja. Nililojifunza siku ile: hasira ya mashabiki inaanzia kwa mwamuzi lakini inaishia kwa kilicho karibu, na kilicho karibu ni kiti, kisha ni mtu. Ukiona cha kwanza kimeng'olewa, usisubiri kuona cha pili. Inuka na mzee wako, nendeni kwenye ngazi za kutokea, msishuke chini kwenye uzio.

La pili, mlangoni. Mwezi wa tano mwaka huu, fainali ya Yanga na USM Alger ya Algeria, watu walikanyagana nje, mmoja akafariki na thelathini wakaumia. Hapo wala hakuna mtani, ni mashabiki wa upande mmoja wakisukumana wao kwa wao. Mechi ni saa 11, nyie muwe mmeshakaa saa 8. N-Card, ile kadi ya kuingilia uwanjani, iwe na tiketi tayari kabla hujatoka nyumbani, usiende kuhangaika nayo dirishani. Simu mfuko wa mbele. Pangeni mapema mtakutana wapi mkipotezana, maana siku ile mtandao unakufa. Ukikuta msongamano, mzee mpitishe pembeni, mkae mbali mpaka upungue. Bao la mapema litarudiwa kwenye taarifa ya habari.

Kamati ya Ufundi

Hamjamwambia la muhimu. Yanga wakifungwa, nani atakuwa ameleta mkosi jukwaani? Huyu mgeni. Mfukoni asikutwe na ndimu, asikutwe na yai, asiulizwe kwa nini ameingia kwa mguu wa kushoto.

Mnyama wa Keko

Nimecheka na hofu imezidi. Asante Kamati.

Ingwe Damu

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mnashangaa mkwe kuwa mpinzani, sisi huku dabi yenyewe inaitwa ya Mashemeji! Gor Mahia, K'Ogalo, ni Wajaluo, sisi AFC Leopards ni Waluhya, na tumeoana mpaka hakuna wa kusema yeye ni wa upande mmoja tu. Bibi yangu (mke, msishtuke, huku bibi si nyanya) ndugu zake wote ni K'Ogalo. Tunaenda uwanja wa Nyayo kwa matatu moja, tunashuka, tunapeana mkono, kila mtu na geti lake. Tukitoka, aliyeshinda ananunua nyama. Sheria ya nyumba yao ni hiyo na nimeilipa mara nyingi kuliko nilivyokula.

Lakini wimbo ukianza kugusa kabila, ushemeji unayeyuka hapo hapo. Nishaona. Na huyo Fundi Viti msikizeni, 2010 pale Nyayo watu saba walikufa kwa kukanyagana kwenye mechi hii hii yetu.

Mbeba Maboksi

Niko Leeds, Uingereza. Huku hakuna ushauri, kuna sheria. Ukikaa upande wa wenyeji na jezi ya wageni, au ukishangilia bao la wageni, wanakutoa. Mimi nilipiga makofi mara mbili tu, tena kwa adabu, kwenye uwanja fulani. Akaja mama wa makamo mwenye koti la njano, akaniita "mpenzi", akanitoa nje kama mtoto aliyeharibu ibada. Bia unakunywa kule ndani kwenye korido, ukiwa unauona uwanja hairuhusiwi. Wageni wanapewa kona yao na askari, mara nyingi wanabakizwa mpaka wenyeji watawanyike.

Usalama upo. Lakini miaka sita nimekaa kwenye hizi mechi na sijawahi kupitishiwa maji na mtu anayeniita chura.

Msimbazi Asilia

Mnamjaza maneno tu. Jumapili tunashinda, atalia kwa furaha, watamjua.

Nyuma Mwiko

Hiyo pia nimeipiga picha.

Mnyama wa Keko
Jumatatu, 6 Novemba 2023, saa 4:40 usiku

Wakuu, nimerudi. Kimwili.

Najua mmeshatukanana nyuzi nyingine kuanzia jana, hapa naleta mrejesho tu.

Tulikutana kituo cha Uhasibu saa 7 na nusu. Mimi shati la kijivu, kava la simu nimevua nimeacha nyumbani. Mzee jezi ya Yanga, kofia ya Yanga, na juu ya jezi kavaa koti la suti, jua lile. Nikamwamkia. Kanikagua toka juu mpaka viatu, akasema, "Umevaa kama mtu wa bima." Tukaingia bila kusukumwa, saa 8 na dakika chache tumekaa.

Mpango wangu ulikuwa kujificha. Mzee hakunipa hata dakika moja. Wenzake wa tawi walikuwa wamekaa safu nzima, wazee saba na vijana wao. Akasimama, akanishika bega, akatangaza: "Jamani, huyu ndiye mkwe wangu. Ni mgonjwa, ni Simba. Lakini tunamtibu." Wakaangua kicheko, kila mmoja akanipa mkono na kunipa pole ya ugonjwa. Mmoja akaniuliza dozi naimeza mara ngapi. Kuanzia hapo sikuwa na cha kuficha, na Kondakta nisamehe, nadhani ndicho kilichoniokoa kuliko hata shati. Safu nzima walijua mimi ni nani na ni wa nani.

Karanga nilinunua. Mfuko mkubwa.

Dakika ya tatu Musonda wa Yanga kafunga. Jukwaa likaruka, nikasimama nao, mikono kwenye karanga. Sawa. Dakika ya tisa kona, Kibu Denis wetu kichwa, wavuni. Wakuu, sikumbuki nilichofanya. Nakumbuka tu upande wa pili uwanja mzima umegeuka mwekundu na kelele ikatufikia kama lori, na huku kwetu kimya cha msikitini, na katikati ya kimya hicho goti langu la kulia likawa linadunda lenyewe. Mzee hakunitazama. Aliweka mkono wake juu ya goti langu, akalikandamiza taratibu, akasema, "Kaa, mwanangu. Kaa." Nilipofungua viganja, zile karanga zilikuwa unga.

Mapumziko 1-1. Nikasema moyoni huu mchezo ninao.

Kipindi cha pili mnakijua. Maxi wa Yanga dakika ya 64. Aziz Ki wao. Maxi tena. Kwenye la nne nilitazama ng'ambo, nikaona watu wetu wanaanza kushuka ngazi, viti vinaonekana kimoja kimoja. Nikataka kuinuka. Nikakumbuka kwamba mimi nikiinuka, jukwaa zima litajua kwa nini. Nikabaki. Kuna mtoto nyuma yangu, kama miaka kumi, jezi inamfika magotini, akanigonga bega: "Pole anko." Akimaanisha kabisa. Hiyo iliniuma kuliko bao.

Pacome wa Yanga alipofunga la tano kwa penalti, kijana mmoja akatoka safu za juu. Si wa tawi la mzee, na alikuwa amekunywa. Sijui nani alimwambia kuna Simba hapa. Akaniwekea vidole vitano usoni, mpaka nikanusa kiganja chake. Nikatabasamu, hiyo ni haki yake. Akavua kofia yangu akairusha chini. Nikaiokota. Ndipo akaanza: "Mama yako..."

Hakumaliza. Mzee alikuwa ameshasimama. Hakupaza sauti, katika kelele zile sijui hata kijana alimsikiaje. Alisema, "Kijana. Timu yake ni yako, itanie mpaka kesho. Mama yake ni mkwe mwenzangu. Sasa endelea."

Yule kijana alimtazama mzee, akaitazama jezi yake, akawatazama wale wazee saba ambao nao walikuwa wanainuka mmoja mmoja wakishika magoti. Akasema, "Shikamoo mzee." Akaniokotea karanga moja iliyoanguka, akanipa, sijui kwa nini, akaondoka.

Kutoka tulisubiri. Mzee hakutaka kusukumana na watu wenye furaha, anasema wenye furaha ndio wanaokanyaga. Tukaanza kutembea barabara ya Kilwa kuelekea kwake Mtoni, pikipiki zinapita na mavuvuzela, watu wamening'inia madirishani wananyoosha viganja. Mimi nasubiri aanze. Hakuanza. Tulipofika kwa muuza mihogo akanunua ya watu wawili, yenye pilipili, tukasimama pembeni tunakula. Ndipo akaniambia habari za Mei 6, 2012, siku walipokula tano kwetu.

Anasema siku ile alitoka akitembea njia hii hii, amevua jezi ameikunja kwapani. Jirani yake, Simba, alikuwa na daladala. Akasimamisha gari kando yake, limejaa mashabiki wa Simba wanaimba. Akashuka mwenyewe, akawaambia walio ndani wanyamaze, akamwambia, "Panda jirani, wafiwa hatuwatozi." Akampeleka mpaka mlangoni. Jumapili hiyo hakumtania, Jumatatu hakumtania. Jumatano ndiyo akaja na chapati tano kwenye sahani.

Na hata wiki mbili hazijaisha, Mafisango, kiungo wetu, akafa kwa ajali ya gari hapa hapa Dar. Mzee anasema alimkuta jirani yake kakaa kwenye ngazi ya daladala analia. Akaenda ndani, akachemsha kahawa, akakaa naye. "Sikuwa nimemsamehe zile chapati," ananiambia. "Lakini ile haikuwa siku yake."

Tukamaliza mihogo. Nikamfikisha nyumbani, nikaaga. Akaingia getini, akafunga. Nilipokuwa nimeshageuka akaniita jina. Nikageuka. Amepitisha mkono juu ya geti, kiganja wazi, vidole vyote vitano vimenyooka, ananipungia usiku mwema. Kwa muda mrefu mno kuliko salamu ya kawaida.

Nyuma Mwiko

Mkuu, picha yangu ya "haitatokea" nikutumie kwa njia gani?

BintiJangwani

Yule mtoto wa "pole anko" apewe kadi ya uanachama sasa hivi.

Mtoto wa Tandika

Kwa hiyo pikipiki siachiwi?

Kamati ya Ufundi

Mgeni mmoja, mabao matano. Mzee atamkatia tiketi kila mechi mpaka afe.

Mnyama wa Keko

Ameshanipigia. Anauliza kama ninayo nafasi mechi ya marudiano, na anasema nisibadilishe shati.

Kondakta Mstaafu

Karanga zilisaidia?

Mnyama wa Keko

Nilizisahau mfukoni mzee wangu. Mke wangu kazikuta leo akifua suruali, unga mtupu, kaniuliza hii nini. Nimemwambia hiyo ni dakika ya tisa.